Duveti la faiba kujirundika likifuliwa: mistari ya cherehani, vifundo vya mkono, au kununua la visanduku? (Ulinganisho)

Nuru wa Makete

Wadau, salaam. Naomba tulinganishe njia za kuzuia faiba ya duveti isikimbilie upande mmoja inapofuliwa. Ushauri wa "nunua zuri tu" nimeusikia sana, ila hilo zuri likoje hakuna anayesema.

Hali yangu iko hivi. Nyumbani kuna maduveti mawili ya sita kwa sita, yote ya faiba. La kwanza limeshonwa miraba. Ukilitandaza unaona visanduku uso mzima. La pili limeshonwa pembezoni tu, katikati lina mishono mifupi ya mapambo iliyoachana mno. La kwanza limeshafuliwa mara nyingi na bado linalala vizuri. La pili lilipelekwa kwa dobi likarudi faiba yote iko miguuni na kona moja ya kulia. Ukilishika katikati, vitambaa viwili vinagusana mkononi. Huku kwetu usiku wa Julai umande unaganda juu ya majani, kwa hiyo duveti la hivyo halitufai kitu.

Nilichosikia mpaka sasa: wapo wanaosema nimpelekee fundi apige mistari ya cherehani, wapo wanaosema nifunge vifundo kwa mkono kama magodoro ya zamani, jirani yangu yeye hupiga bandi (mshono wa muda wa mkono) kabla ya kufua, likikauka anafumua, na wapo wanaosema niachane nalo, ninunue la visanduku na kulivalisha kava ili lisifuliwe mara kwa mara. Aliyewahi kufanya mojawapo atueleze lilivyotoka baada ya kufuliwa.

Fundi Mafinga

Dada Nuru, kabla ya kuchagua njia jua kwanza ndani kuna nini. Faiba nyingi za maduveti ni poliesta yenye uwazi ndani ya kila uzi, na imepakwa silikoni. Silikoni ndiyo inayoipa ulaini na kuifanya inyanyuke tena ukiibana. Ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iteleze. Ikilowa na kuwa nzito, uzi mmoja haumshiki mwenzake, unashuka kule uzito unakovuta.

Halafu faiba ziko za aina mbili. Iko inayokuja kama shuka nene, tabaka zimeshikana, inatandazwa kati ya vitambaa. Na iko ya vipande vilivyopuliziwa ndani, haijashikana na chochote. Kuitambua ni rahisi: shika duveti katikati kwa vidole, kitambaa cha juu mkono huu na cha chini mkono ule, kisha visugue taratibu. Ukisikia ndani kuna kitu kimoja kinachokwenda pamoja, hiyo ni ya shuka. Ukisikia vinyweleo vinapishana na kukimbia, hiyo ni ya kupuliziwa.

Ya shuka inavumilia mistari iliyoachana shibiri moja. Shida yake ni kuchanika: ukiinua duveti bichi kwa kona mbili, lile shuka linakatika ndani, na likishakatika linaanza kujikunja. Ya kupuliziwa inadai visanduku vilivyofungwa pande zote nne. Hapa ndipo mafundi wengi wanapowapotosha wateja. Wanapiga mistari ya kwenda upande mmoja tu, toka kichwani hadi miguuni, kwa sababu ni kazi ya haraka. Mistari hiyo inakuwa mifereji. Ukilianika, faiba inateremka ndani ya kila mfereji, na badala ya bonge moja kubwa unapata mabonge mengi ya chini. Mistari ikatane.

Nuru wa Makete

Asante sana fundi. Nimejaribu kulisugua sasa hivi, langu ni la kupuliziwa, linakimbia kabisa. Je, cherehani ya kawaida ya kukanyaga kwa mguu itaweza?

Fundi Mafinga

Itaweza, fundi akiwa na subira. Mguu wa cherehani unasukuma kitambaa cha juu huku meno yanavuta cha chini, ndiyo maana duveti linatoka na makunyanzi. Kwa hiyo legeza mgandamizo wa mguu, refusha mshono hadi kama milimita 4, weka sindano namba 16 au 18, na utumie uzi wa poliesta. Uzi mwembamba wa pamba unakatika ukifuliwa. Kabla ya cherehani kugusa kitu, lazima lipigwe bandi lote, tena kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, kitambaa cha ziada kinajikusanya katikati na huna pa kukipeleka.

Na kila mwanzo na mwisho wa mstari rudisha mshono. Duveti linalofumuka huanzia pale ambapo fundi hakurudisha.

Bi Chumbageni

Mwanangu Nuru, mimi ni wa Tanga na nimelelewa kwenye magodoro ya sufi. Hayo hayafuliwi. Sufi ina nta yake, ukiitia majini inaelea, na ikilowa kwa nguvu inaharibika. Godoro likishapata mabonge, linafumuliwa upande mmoja, sufi inatolewa juani juu ya jamvi, inachambuliwa kwa mikono mpaka ivimbe, ganda linafuliwa peke yake, halafu inarudishwa. Lakini kazi ya vifundo ni ile ile, na kwenye duveti inafaa sana.

Chukua shazia, ile sindano kubwa ya magodoro, na uzi mnene wa pamba au wa kufumia, ukiukunja mara mbili. Tandaza duveti chini, si kitandani, maana kitandani linabonyea. Sambaza faiba kwa viganja mpaka usikie unene uko sawa. Chomoza shazia toka juu hadi chini, irudishe juu karibu na ilipotokea, funga fundo, ligeuze, funga jingine. Chini na juu weka kipande kidogo cha kitambaa kigumu, ukubwa wa kucha ya dole gumba, uzi upite ndani yake. Bila hicho kipande uzi unakata kitambaa cha duveti siku moja likivutwa, na tundu hilo faiba inatokea.

Usikaze. Ukikaza unatengeneza shimo na baridi inapita hapo hapo. Acha uzi ushike tu. Vifundo viachane shibiri, na mstari wa pili uanzie kati ya vifundo vya mstari wa kwanza, ili pasiwe na njia iliyonyooka ya faiba kupita.

Mkulima wa Limuru

Namuunga mkono Bi Chumbageni kuliko fundi, samahani kaka. Ukipiga mistari ya cherehani kutoka kitambaa cha juu mpaka cha chini, pale mshono unapopita hakuna faiba kabisa. Ukiwa na mistari ishirini ya namna hiyo una njia ishirini za baridi. Huku kwetu asubuhi za Julai ukungu haupandi mpaka saa nne, na hizo njia unazisikia mgongoni. Kifundo kinabana mahali padogo tu.

Maduveti ya manyoya ya bata yenye bei hayashonwi hivyo. Ndani yamewekewa kuta za kitambaa chepesi, kwa hiyo juu na chini hazigusani, na kila kisanduku kina unene wake mpaka ukingoni. Nimepata kama hilo Gikomba kwenye mitumba, na ninawashauri wanaonunua huko wafanye hivi: liinue kuelekea jua. Visanduku vilivyo tupu vinapitisha mwanga. Kisha kamata kona zote nne, moja moja, uone kama kuna bonge gumu. Harufu nayo uiangalie. Manyoya yaliyowahi kukauka nusu yana harufu ya uvundo ambayo haitoki.

Msiogope manyoya yakilowa na kuwa mabonge, yote hufanya hivyo. Yakikauka kabisa na kupigwapigwa yanafunguka. Kosa ni kuyatoa juani yakiwa makavu nje na mabichi ndani.

Fundi Mafinga

Mkulima, kuhusu baridi ya mshono uko sahihi, sikatai. Ila ongezea na hili: kifundo kinazuia duveti la faiba ya shuka vizuri, kwa sababu lile shuka lenyewe linasaidia. La kupuliziwa linazunguka kifundo na kupita pembeni yake, hata ukiviweka kwa kupishana. Linachelewa tu. Dada Nuru amesema lake ni la kupuliziwa. Kwa hilo mimi bado nasema visanduku, na baridi ya mishono aizuie kwa blanketi jepesi juu. Blanketi linaziba mishono yote kwa mara moja.

Dobi wa Mbezi

Nimesoma nikaona nichangie, maana lawama nyingi huishia kwetu. Mimi siku hizi sipokei duveti bila kulitandaza mezani mbele ya mwenyewe. Tunaangalia mishono pamoja. Uzi ukiwa umekatika mahali, napiga bandi hapo kabla halijaingia majini, na mwenye mali anajua. Mshono mmoja uliokatika ukiachwa, kisanduku kinamwagikia jirani yake.

Mashine: ile ya vyungu viwili, na ile ya mlango wa juu yenye mti katikati, msitie duveti. Mti unalishika na kulisokota. Ndani ya dakika chache faiba imekwenda ilikokwenda. Mashine ya mlango wa mbele inaliinua na kuliangusha, ni salama zaidi, lakini nafasi ndiyo kila kitu. Duveti la sita kwa sita halina uzito mkubwa likiwa kavu, kwa hiyo mtu anasoma "kilo 7" kwenye mashine anadhani linatosha. Linaingia kwa kusukumwa, likishaingia haligeuki. Maji hayapiti katikati, sabuni inabaki, na likikamuliwa linabanwa kuwa bonge moja upande mmoja wa chombo. Ukishalitia na ukaona theluthi ya juu ya chombo iko wazi, endelea. Pasipokuwa wazi, litoe.

Maji ya baridi au vuguvugu ya nyuzi 30, sabuni ya maji kidogo, kusuuza mara mbili. Dawa ya kulainisha nguo sitii, inaacha utando kwenye faiba. Kukamua kwa mzunguko mdogo.

Kwa Bi Chumbageni, shikamoo. Vipande vya kitambaa ulivyosema ni sahihi kabisa. Wengine wanaweka vifungo vya plastiki ili vipendeze. Vinapasuka kwenye mashine ya kukaushia na vingine vinang'oa kitambaa.

Bi Chumbageni

Marahaba mwanangu. Vifungo ni vya mito ya sebuleni hivyo.

Nuru wa Makete

Dobi, na sisi tusio na mashine? Huku wengi tunafua kwa mkono, na nashuku kukamua ndiko kunakoharibu.

Dobi wa Mbezi

Kufua kwa mkono ni kuzuri kuliko mashine mbaya. Beseni kubwa la kuogea, au sakafu safi ya bafu yenye mteremko. Likunje kwa urefu mara tatu, halafu likunje kama unavyokunja shuka kabatini, lilale majini, ulikanyage kwa miguu misafi. Kukanyaga tu: unabonyeza, unaachia, unahama. Usilisugue kitambaa kwa kitambaa, na usilisokote. Maji machafu yamwage ukiwa umelikandamiza pembeni, bila kuliinua.

Wakati wa kulitoa, pitisha mikono yote miwili chini yake ulibebe kama lilivyo. Faiba inahama zaidi katika dakika ile ya kuinua kuliko katika kufua kote. Lilaze kwenye kichanja au mbao zilizoinama, lichuruzike mpaka maji yaache kukimbia. Ndipo ulipeleke kambani, na kamba isiwe moja. Ziwe tatu au nne zilizo sambamba, lilale juu yake kama kitanda. Ukiwa na kamba moja, hakikisha mistari ya mshono imelala kufuata kamba, isishuke kwenda chini. Kila baada ya muda ligeuze, ulipigepige kwa viganja, vunja mabonge yakiwa bado na unyevu.

Hapo kwenye kupiga bandi kabla ya kufua, jirani yako Nuru anajua anachofanya. Nafanya hivyo kwa maduveti yaliyoshonwa pembezoni tu. Uzi wa rangi tofauti, mshono mrefu wa vidole vitatu, mistari ikikatana. Linakauka, unaona rangi, unafumua. Kasoro yake ni muda. Mtu mwenye duveti moja atafanya. Mwenye nyumba ya wageni hataweza. Pini za usalama msitumie, zinaacha kutu.

Wenye mashine ya kukaushia, moto mdogo, na mtie ndani mipira ya tenisi iliyo safi, inapiga mabonge. Litoe katikati ya kazi ulikung'ute, ulirudishe. Angalieni lebo: mraba wenye duara ndani ni ruhusa ya mashine ya kukaushia, nukta moja katikati ni moto mdogo, ikikatwa msalaba basi usithubutu.

Mama wa Hamburg

Niongeze kitu ambacho nimekizoea huku Ujerumani na nafikiri kinafaa nyumbani. Mume na mke hawashei duveti. Kila mtu ana lake, na ukubwa wa kawaida ni sentimita 135 kwa 200. Nilipofika niliona ni ubahili wa mapenzi, sasa nimeona faida yake siku ya kufua. Duveti la ukubwa huo linageuka vizuri kwenye mashine ya nyumbani, mtu mmoja analibeba likiwa bichi bila kuliburuta, na linakauka mapema. Haya ya sita kwa sita na sita kwa saba ndiyo yanayotushinda, yakilowa watu wawili hawalibebi sawasawa. Nuru, hilo lililoharibika ulikate uwe nayo mawili.

Nuru wa Makete

Dada Hamburg, hilo wazo halikunijia kabisa, na wanangu wawili wanalala vitanda vya futi tatu! Fundi, linawezekana? Likikatwa faiba si itamwagika yote? Na kwa kuwa sasa imejirundika, nianze na lipi?

Mkulima wa Limuru

Linawezekana, ila usikate likiwa na mabonge. Utapata moja nono na moja la kitambaa kitupu.

Fundi Mafinga

Ndivyo. Anza na kuchambua. Fumua mshono wa upande mmoja, upana wa mkono kupita hadi kwenye kiwiko. Ingiza mkono, toa mabonge, yachambue moja moja juu ya shuka safi, kama Bi anavyofanya sufi. Likiwa kavu kabisa, kumbuka. Bonge bichi ukilivuta linakatika halifunguki. Yale yaliyokwisha kuwa magumu, yanayotoka kama kamba ukiyavuta, yaweke kando. Hayatarudi, yafanye ya mto.

Rudisha faiba ukianzia kona za mbali, ukijaza kuelekea kwenye tundu ulilofumua. Funga tundu. Mtu mwingine akusaidie: kila mmoja ashike kona mbili, mlikung'ute kwa usawa mara kadhaa, mlilaze chini taratibu. Sambaza kwa viganja. Piga bandi papo hapo, kabla hamjalinyanyua tena. Likishapigwa bandi unaweza kulikunja na kulileta hata kwa basi.

Kulikata: napiga mistari miwili sambamba katikati, toka juu hadi chini, imeachana upana wa vidole vitatu. Faiba ya kati ya mistari hiyo nimeshaisukuma pembeni kabla. Halafu mkasi unapita katikati ya mistari miwili, hakuna kinachomwagika. Baada ya hapo kila nusu inapigwa visanduku vya shibiri na nusu. Nusu ni ndogo, inapita vizuri chini ya mkono wa cherehani, tofauti na kupambana na sita kwa sita nzima iliyokunjwa bega la kulia.

Amina M.

Samahani kuingilia. La kwangu ndani ni sufu ya kondoo, nalo lifuatwe hivyo hivyo?

Dobi wa Mbezi

Hapana dada Amina. Sufu ikipata maji ya moto na kusuguliwa inaganda na kusinyaa, na mishono haitaizuia. Soma lebo, kama haikusema inafulika, anika kwenye upepo kivulini, futa doa kwa kitambaa chenye unyevu, na ufue kava tu. Kava ndilo lifuliwe kila wiki, kwa maduveti yote haya tunayoyazungumza. Kona za kava zishonewe vitanzi na duveti tepe, mfunge ndani, lisizunguke humo.

Nuru wa Makete

Nimeamua. Jumamosi nachambua na jirani, napiga bandi, halafu linakuja Mafinga likatwe mawili na kupigwa visanduku. Lile la kwanza lenye miraba nalikagua mishono leo hii, na makava nitayashonea tepe. Fundi, nije na nini?

Fundi Mafinga

Njoo na mkanda wa kitambaa cha pamba, upana wa vidole vinne, mita nne na nusu zinatosha kuziba ukingo uliokatwa kwa nusu zote mbili na kubaki ya tepe za kona. Uloweke na kuukausha kwanza, maana pamba mpya husinyaa ikifuliwa na itavuta ukingo wa duveti. Na usifumue bandi njiani, nitaifumua mimi nikishamaliza cherehani.